Umetoka Kenya Lini?

Siku yangu ya kwanza Takaba, mzee mmoja aliyekuwa ameketi kwenye kivuli cha duka aliniangalia kutoka viatu hadi kofia, akaitikia salamu yangu, kisha akauliza, "Mwalimu, umetoka Kenya lini?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa kunikaribisha. "Mzee, kwani hapa si Kenya?" Yeye hakucheka. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayemvumilia mtoto, akasema, "Ndiyo, ndiyo. Na huko Kenya mvua imenyesha?"

Mimi si mwalimu. Ni fundi wa sola. Ilikuwa Agosti 2023, na kampuni iliyonipa mkataba wa wiki tatu ilikuwa imenituma kufunga friji za chanjo kwenye zahanati kadhaa za Mandera Magharibi. Lakini Takaba, mtu ambaye si wa huko na hana bunduki mara nyingi ni mwalimu au daktari, kwa hiyo waliniita mwalimu mpaka siku niliyoondoka. Hilo nililizoea siku ya pili. Swali la mzee sijalizoea hadi leo. Niliulizwa tena na mama muuza maziwa, na dereva, na mtoto wa darasa la nne aliyetaka kujua kama Kenya kuna ngamia. Hakuna aliyeuliza kwa chuki. Waliuliza tu, vile mtu wa Kisumu angekuuliza umetoka Nairobi lini.

Nimesoma insha nyingi za vijana wenzangu kuhusu kusafiri nchi za kigeni. Kigali ilivyo safi, Istanbul paka walivyo wengi, Dubai jua lilivyo kali. Ni insha nzuri, na wivu ninao. Pasipoti sina. Safari yangu pekee ya nchi ya kigeni niliifanya na kitambulisho tu, bila kuvuka mpaka wowote, na hata hicho kitambulisho sikuulizwa. Nataka kuandika kuhusu hilo la mwisho, kwamba sikuulizwa, kwa sababu limenisumbua kuliko vumbi na joto la safari nzima.

*

Tuanze na uoga, maana ndio nilioubeba kabla ya begi.

Nilipomwambia mama kwamba naenda Mandera alinyamaza kwenye simu hadi nikadhani salio limeisha. Kisha akauliza, "Kwani umekosa kazi kabisa?" Alikuwa anakumbuka Novemba 22, 2014, basi lililotoka Mandera alfajiri likielekea Nairobi, likasimamishwa na Al-Shabaab, abiria wakatenganishwa, na watu 28 ambao hawakuwa Waislamu wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu wanaorudi nyumbani kwa Krismasi. Mama anajua mtu anayejua familia moja. Nchi yetu ni ndogo kwa njia hiyo.

Kwa hiyo nilienda nikiwa nimeshagawanya watu kichwani: sisi na wao, walio salama na walio hatari. Ndani ya basi la kwenda Moyale, kila abiria aliyefunga kilemba nilimtazama mara mbili. Sioni haya kusema hivyo, au niseme ukweli, naona haya ndiyo maana nasema. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu alikuwa na mfuko uliofungwa kamba vizuri sana, nikauwazia mambo ya ajabu kuanzia Isiolo hadi Marsabit. Tuliposimama kula akaufungua, akanipa tende na kipande cha mkate wa ngano. Ulikuwa chakula cha watoto wake, nami nilikuwa nimekaa saa tano nikikihesabu bomu.

Nilipitia njia ya Moyale kwa sababu ofisi ilisema ndiyo salama zaidi. Lami ni nzuri mpaka Moyale kwenyewe. Kutoka hapo unakata mashariki, mpaka wa Ethiopia ukiwa upande wa kushoto, unapita Gurar na Dandu, na hakuna lami tena, kuna alama za magurudumu tu ambazo dereva anazisoma kama mtu anavyosoma mwandiko wa nduguye. Nilikuwa nyuma ya Land Cruiser iliyobeba mchele, unga, mafuta ya kupikia na watu kumi na mmoja. Kila wakati wa swala gari lilisimama, watu wakashuka, na mimi nikabaki nikijifanya natafuta mtandao.

*

Kwa nini watu wa Takaba wanaita kwingine "Kenya"? Niliporudi nilianza kusoma, maana shuleni tulifundishwa Mau Mau mwaka hadi mwaka na kaskazini ikapata nusu ukurasa.

Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya wilaya za pembezoni, na kaskazini yote ikafungwa: huingii wala hutoki bila kibali. Mwaka 1934 ikaongezwa nyingine ya wilaya maalumu, ya kudhibiti nani anatembea wapi na mifugo gani. Yaani kwa kizazi kizima na zaidi, mtu wa kule akitaka kwenda Nairobi alihitaji karatasi kama mtu anayekwenda ng'ambo. Uhuru ulipokaribia, tume ya mwaka 1962 ilipita ikiuliza watu wanataka nini, na Wasomali walio wengi wakasema wanataka kujiunga na Somalia. Walijibiwa hapana. Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya bendera kupandishwa, hali ya hatari ikatangazwa Kaskazini Mashariki, na vita tulivyoviita vya Shifta vikaendelea mpaka 1967. Hali ya hatari yenyewe haikuondolewa mpaka 1991. Wewe na mimi tunaposema "tangu tupate uhuru", watu hao walikuwa na miaka 28 ya kuwekwa kando kabla ya kuonja uhuru huo.

Mwaka 1965 serikali ikatoa Waraka wa Bunge Nambari 10, uliosema kwa ufupi kwamba pesa za maendeleo ziende kwanza mahali penye mvua, ardhi nzuri na barabara, ndipo faida isambae. Faida ilikuwa na safari ndefu mpaka Takaba. Novemba 1989 Wasomali wote wa Kenya wakaamriwa wajiandikishe upya kuthibitisha uraia, wakapewa kadi zao peke yao. Aprili 2014, Nairobi, maelfu wakakusanywa na wengine wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Ule uwanja tunaoenda kushangilia.

Kwa hiyo mzee wa dukani hakubuni lugha ya dharau. Alikuwa akitumia lugha aliyofundishwa na serikali tano mfululizo. Ukimwambia mtu kwa miaka mia moja na ishirini kwamba Kenya iko mbele ya kizuizi, ataamini kwamba Kenya iko mbele ya kizuizi. Sisi tulioko upande ule mwingine ndio tulioweza kutoamini, kwa sababu kizuizi hakikuwekwa kwa ajili yetu.

*

Sasa nije kwa mwenyeji wangu.

Kampuni ilikuwa imepanga nilale nyumba ya wageni, lakini mzee mmoja wa kamati ya zahanati alikataa kata kata. Alisema mtu aliyekuja kuwekea watoto wao chanjo hawezi kulala kwa kulipa. Akanipa chumba cha mwanawe, akanipa mkeka na shuka, na kila asubuhi chai ya maziwa ya ngamia, ile yenye ladha ya moshi kwa sababu vyombo vya maziwa hufukizwa. Siku ya kwanza niliinywa kwa adabu. Siku ya nne nilikuwa naomba ya pili.

Kulikuwa na jambo la maji. Ukame mkubwa ulikuwa umepita tu: misimu mitano ya mvua ilikuwa imefeli mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020, na mifugo ya watu ilikuwa imekwisha. Takaba haina mto wa kutegemea. Watu hunywa maji ya mabwawa ya kuchimbwa, na bwawa likikauka wanangoja lori. Kila jioni niliporudi na vumbi, nilikuta mtungi wa lita 20 umejaa mlangoni mwa choo cha kuogea. Nilioga wote. Mimi ni mtoto wa Pipeline, Nairobi, najua shida ya maji, lakini najua ya kununua mtungi kwa mtu wa mkokoteni na kuendelea na maisha. Siku ya tano nikamwona binti mdogo wa nyumba ile akinawa uso kwa kikombe cha plastiki, kikombe kimoja, na kilichobaki akakimimina kwenye chungu cha mbuzi. Nikamuuliza mwenyeji wangu kama maji yanatosha. Akasema, "Mgeni hahesabiwi maji."

Kuanzia siku hiyo nikaoga kwa lita tano. Na yeye, alipogundua, alikasirika. Kweli alikasirika. Kwake ilikuwa kama nimemwambia mbele ya watu kwamba hana uwezo.

Hapa ndipo nilipoanza kujiuliza maswali ambayo si ya fundi. Kwa Kiswahili tuna neno moja, mgeni, kwa mtu aliyekuja kututembelea na kwa mtu tusiyemjua na hata kwa mtu wa nchi nyingine. Lugha nyingine huwatenganisha hao. Sisi tumewaweka chumba kimoja, halafu tukabaki na kazi ya kuamua kila anapobisha hodi ni yupi kati yao. Methali zetu nazo zinayumba: moja inasema mgeni njoo mwenyeji apone, nyingine inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Takaba hakuna jembe la kunipa. Siku ya tatu nilipewa mguu wa mbuzi.

Wasomali na majirani zao walikuwa na mpango wa zamani wa kutatua shida hii, unaitwa abbaan. Mfanyabiashara au msafiri akiingia nchi isiyo yake, hakuingia peke yake. Alimtafuta abbaan, mtu wa pale, ambaye tangu siku hiyo alibeba maisha ya yule mgeni kama yake. Ukimwibia mgeni umemwibia abbaan. Ukimuua mgeni umeanza ugomvi na ukoo mzima wa abbaan. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta vijana wakipiga makasia kwenda kuizunguka meli, kila mmoja na sahani ya chakula, kila mmoja akimchagua mfanyabiashara na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wangu. Basi mfanyabiashara alishukia nyumba ya huyo na si nyingine, na biashara iliyofanywa kwa kumzunguka mwenyeji ilihesabiwa batili.

Linganisha na Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Königsberg aliyekuwa hatoki mji wake. Mwaka 1795 aliandika kwamba ukarimu kwa mgeni si hisani, ni haki. Kila mtu ana haki ya kufika nchi ya mwenzake bila kutendewa kama adui, kwa sababu dunia ni mviringo na hatuwezi kutawanyika milele, lazima tutakutana. Napenda wazo hilo. Haki haitegemei kama mtu anakupenda. Lakini haki ina kasoro moja: inahitaji mtu wa kuisimamia, na usiku wa manane barabarani mtu huyo mara nyingi ndiye anayekuvunjia.

Abbaan naye ana kasoro yake. Anakulinda kwa sababu wewe ni mgeni wake. Asiye na mwenyeji hana kitu. Lakini angalau kwa abbaan jukumu lina jina na uso. Hakuna anayeweza kusema "serikali iangalie".

*

Siku ya kuondoka, mwenyeji wangu alinikabidhi kwa mpwa wake, kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa anakwenda kuanza chuo Nairobi. Alimwambia maneno mengi kwa lugha yao kisha akanigeukia: "Huyu atakufikisha mpaka Kenya." Tulicheka sote watatu, kila mmoja kwa sababu yake.

Kijana yule alinilinda kweli. Kwenye Land Cruiser alinipa nafasi ya mbele. Dandu alinikatalia kununua maji, akanunua yeye. Tulipopanda basi Moyale alinipa kiti cha dirishani, akanifundisha kuhesabu mpaka kumi, akanicheka matamshi. Aliniambia kuhusu kitambulisho chake. Alikuwa ameomba tangu atimize kumi na nane. Mimi nilipoomba changu nilibeba cheti cha kuzaliwa na nakala ya cha mama, nikapigwa alama za vidole, nikaenda nyumbani. Yeye aliitwa mbele ya kamati ya wazee na maafisa akaulizwa babu wa babu yake alinywesha ngamia kisima gani. Alikuwa na baba yake pale, na chifu anayemjua tangu utotoni. Alijibu yote. Akapewa karatasi ya kusubiri, na alikuwa bado anasubiri.

Vizuizi vya barabara hiyo ni vingi. Cha kwanza tulipita, cha pili tulipita. Kilichofuata, sitasema wapi, ilikuwa karibu saa tisa usiku. Afisa aliingia na tochi. "Kipande, kipande." Alimulika uso baada ya uso. Mimi kitambulisho nilikuwa nimekishika tayari. Taa ikanigonga usoni, ikakaa hapo sekunde moja, afisa akasema kwa sauti ya mtu anayemwamkia jirani, "Wewe kaa tu, kijana. Unatoka kazi?" Nikasema ndiyo. Taa ikahamia kiti cha pili.

Aliiangalia ile karatasi pande zote mbili. Akamwambia ashuke na mzigo wake. Kijana akaniambia, "Niangalizie kiti, nakuja." Wakashuka watu watatu. Nikawaona kupitia dirisha, wamechuchumaa kando ya taa.

Basi lilingoja dakika ishirini hivi. Dereva akapiga honi. Kondakta akashuka, akaongea, akarudi, akasema, "Twende, hawa watakuja na gari lingine." Nilikuwa na maneno mdomoni. Nilikuwa na kitambulisho mkononi, barua ya kazi kwenye begi, Kiswahili cha Nairobi na jina la aina ambayo halimtishi mtu. Ningeweza kushuka nikasema: huyu namjua, nimelala kwao, mjomba wake ni wa kamati ya zahanati. Labda isingesaidia. Sikusema. Basi likaondoka, na shuka lake likabaki kwenye kiti nilichoambiwa niangalizie.

Alifika Nairobi siku mbili baadaye, baada ya kulipa alichoambiwa alipe. Alinipigia simu jioni ile ile. Sikuwa najua nitamwambia nini. Yeye ndiye aliyewahi kuuliza: "Umefika Kenya salama?"

Nilidhani ni kijembe, lakini haikuwa hivyo. Alikuwa anatakiwa kumpa mjomba wake ripoti.

*

Rafiki yangu mmoja, niliyemsimulia hadithi hii, alinikatiza. "Buda, ungefanya nini? Wewe si wakili. Na usisahau, hizo chekapu ndizo zinazokulinda wewe. 2014 unaikumbuka?"

Naikumbuka. Ni hoja nzito na sitaki kuiruka. Askari wa barabara ile wenyewe wamezikwa wengi. Siwezi kusema asiwepo mtu wa kuangalia nani anapita. Lakini angalia kilichofanyika usiku ule. Mtu anayetaka kujua nani ni hatari angetazama karatasi zote, kuanzia yangu. Mimi ndiye niliyekuwa na mzigo wa nyaya, betri na vifaa vya umeme ndani ya buti la basi, na hakuna aliyeuliza. Kilichokaguliwa usiku ule kilikuwa pua na nywele. Huo si usalama, ni mazoea yaliyovaa sare.

Na kuna jambo lingine la kukumbuka. Desemba 21, 2015, mwaka mmoja baada ya lile la kwanza, basi jingine lilishambuliwa karibu na El Wak likielekea Mandera. Washambuliaji waliamuru jambo lile lile: Waislamu huku, Wakristo kule. Safari hii abiria Waislamu walikataa. Wanawake walikuwa wamewagawia wenzao hijabu wajifunike, na watu wakasema mkitaka kuua tuueni sote au mtuache. Waliokufa siku hiyo walikuwa wawili, si makumi. Salah Farah, mwalimu, alipigwa risasi na akafariki Januari 2016. Filamu fupi ya Watu Wote ilitengenezwa kuhusu tukio hilo, ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018, na wengi wetu tuliisambaza kwa simu tukiwa na machozi.

Na mimi niliisambaza. Sasa fikiria: watu wale waliambiwa na watu wenye bunduki, walio tayari kuua, "nyinyi kaeni tu", wakakataa. Mimi niliambiwa "wewe kaa tu" na afisa wa serikali ambaye, kibaya zaidi, angenitukana. Nikakaa.

Siwaweki afisa na muuaji mizani moja. Mmoja analipwa kunilinda, na mwingine alikuja kuniua. Ninachoweka mizani moja ni viti viwili, kiti cha abiria wa El Wak na changu. Wote tuligawanywa kwa sura na imani, wote tulipewa upande ulio salama bure. Wao waliona kwamba kuupokea ni kushiriki kugawa. Mimi niliona ni bahati.

Nimefikiri sana kosa langu lilikuwa wapi, na nadhani lilikuwa kwenye hesabu. Nilidhani mimi bado ni mgeni. Tangu Takaba nilikuwa nalindwa, nalishwa, naongozwa, na nikazoea kiti cha mgeni, kile cha mtu asiyehesabiwa maji. Sikuona kwamba mahali fulani kati ya Moyale na ile tochi tulikuwa tumebadilishana. Tulikuwa tumeingia "Kenya", ile ya mzee wa dukani, na katika Kenya hiyo mwenyeji alikuwa mimi. Yeye ndiye aliyekuwa ugenini, na nchi ni yake kwa katiba ile ile iliyo yangu. Abbaan alitakiwa kuwa mimi. Kila safari ina mahali ambapo mgeni na mwenyeji hubadilishana viti, na hakuna kibao kinachokuonyesha.

Babu wa baba yangu, kama wanaume Waafrika wote wa enzi yake, alivaa kipande shingoni, kijisanduku cha chuma chenye karatasi ndani, miaka ya 1920 na 1930. Bila hicho alikuwa mhalifu katika mji uliojengwa kwa mikono yake. Kwetu neno limebaki tu, tunaita kitambulisho kipande na hatukumbuki kilikuwa na uzito gani. Nchi ya kigeni, naona sasa, inaweza kuwa mahali popote ambapo ukieleza wewe ni nani, jibu lako halitoshi. Babu wa baba yangu aliishi humo maisha yake yote bila kuondoka Kiambu. Kijana wa Takaba anaingia humo kila anapopanda basi.

Februari 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba ule uchunguzi wa pekee kwa waombaji vitambulisho wa kaunti za mpakani umefutwa. Nilifurahi, nikampigia simu yule kijana. Chake kilikuwa kimeshatoka, kabla ya tangazo. Alifurahi kwa ajili ya mdogo wake. Kisha akasema, "Karatasi wamebadilisha. Sasa tungoje tochi."

Mwaka jana nilirudi kaskazini, safari hii Garissa, kazi ya siku nne. Wakati wa kurudi basi lilisimamishwa. Afisa akaingia, akaanza na wale wale, akanipita. Mapigo ya moyo yalikuwa yananidunda masikioni. Nikasimama, nikasema, "Afande, changu hujaona," nikashuka nikasimama kwenye foleni nyuma ya mama mwenye mtoto. Sikutoa hotuba. Afisa aliniangalia kama mtu aliyepoteza akili, akachukua kitambulisho changu, akakitazama sekunde mbili, akanirudishia. Foleni haikufupika. Kijana mmoja aliyekuwa hana karatasi alibaki pale pale akihojiwa, na safari hii nilibaki naye, pamoja na kondakta na abiria wengine wawili, mpaka alipoachiliwa. Ilichukua saa nzima. Watu ndani ya basi walinuna, na mmoja aliniuliza kama nimetumwa.

Sijui kama tungekuwa wanne tu usiku ule wa mwanzo ingesaidia. Lile shuka nililimrudishia, limefuliwa. Alilipokea akacheka, akasema nilikuwa nimeambiwa niangalizie kiti, si shuka.